Punje Zisizoogopa Moto

Machi 5

Jumatano ya Majivu. Nimetoka kanisani na alama kwenye paji la uso, nikaenda moja kwa moja bandani, na huko nikakuta ndoo nzima ya majivu inanisubiri. Amedeus, fundi wetu wa tanuri, alikuwa ameshafungua kisanduku cha chuma kilichofungwa mwaka jana kati ya tanuri na banda la kukaushia mpunga. Akaniwekea punje zake kiganjani. Zilipotiwa mle zilikuwa kubwa kama njegere, nyepesi, unazibonyeza kwa kucha. Sasa zimesinyaa, ngumu, zinagongana kama changarawe.

"Dada Noela," akasema, "hizi zimekufa."

Zilikufa msimu uliopita na hakuna aliyejua. Ndiyo maana dada yangu Yosefina alianguka.

Nimeamua kuandika. Chuo kilichonituma hapa kufanya utafiti kitapata ripoti yake. Humu nitaweka yale ambayo ripoti haina nafasi nayo.

Machi 6

Mvua asubuhi, jua mchana, mvua tena.

Mama aliniuliza leo, akipepeta mchele: hivyo vijiwe vyako vinafanya nini hasa? Nikamweleza hivi. Wakulima wa Idete na Namawala wanavuna mvua ikiwa haijaisha, mpunga unaota ukiwa kwenye magunia. Kwa hiyo ushirika wa akina mama wa hapa Ifakara unachoma pumba kwenye tanuri, na feni inasukuma ile hewa ya moto ipite katikati ya mpunga. Hewa hiyo ina sumu ndani yake, monoksidi ya kaboni, haina harufu, haina rangi. Kisanduku kipo hapo kuisafisha. Kila punje mle ndani imetengenezwa kwa alumina, na alumina ina vitundu visivyohesabika, kama dodoki. Ndani ya vitundu tunapaka paladiamu kidogo mno, nayo ndiyo inayoiunguza sumu na kuigeuza hewa isiyodhuru. Alumina inabeba, paladiamu inafanya kazi.

"Na zimekufaje?"

"Moto umezidi. Vitundu vimefumba."

Mama akaangalia mlangoni ambako Yosefina alikuwa amekaa akichambua mboga. "Basi tafuta zisizofumba," akasema.

Machi 9

Kikao cha ushirika. Mwenyekiti ni Mama Stumai, mwanamke mrefu, mkavu, anayesema maneno machache na kuyaacha yakuume. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuniangalia. Yupo kwenye mfungo wa Ramadhani na mimi nipo kwenye Kwaresima; nilidhani hilo lingetusaidia kuongea kwa upole. Wapi.

"Mwaka jana," akasema mbele ya wote, "mradi wa chuo ulileta kisanduku, tukaambiwa ni salama. Wanawake wawili wakatolewa mle ndani wamebebwa. Mmoja amepona. Mwingine ni dada yako. Safari hii sitaki kuambiwa. Nataka kuona."

Bwana afya wa wilaya naye alishasema: banda haliwashwi mpaka kipimo cha gesi kionyeshe hewa ni safi tangu moto unawashwa mpaka unazimwa. Mama Stumai amenipa muda hadi mavuno yaanze. Nikishindwa, atauza tanuri na feni kama chuma chakavu, na watu warudi kuanika kwenye maturubai na kuomba Mungu.

Nilitoka na hasira. Sikupata hata nafasi ya kusema kwamba mwaka jana mimi nilikuwa bado darasani, Dar. Ule ulikuwa mradi wa Daktari Marselino, msimamizi wangu. Baadaye nikajiambia, ingesaidia nini kusema?

Machi 12

Mvua. Umeme hakuna.

Machi 14

Leo nimetatua swali la kwanza: je, ni majivu yaliyoziba vitundu, au ni moto uliovifumba? Nilizichukua punje zilizokufa, nikazichemsha, nikazisuuza, nikazikausha. Kisha nikazipima uzito, nikazizamisha kwenye maji, nikazipima tena. Punje nzima inakunywa maji zaidi ya nusu ya uzito wake. Hizi baada ya kuoshwa safi zilikunywa karibu na sufuri. Nikachukua punje mpya ambazo hazijawahi kuona majivu, nikaziweka kwenye tanuri dogo la umeme, nikapandisha joto mpaka juu ya nyuzi elfu moja na mia moja. Zikatoka vilevile, zimesinyaa, hazinywi.

Ni moto. Majivu yanachafua, lakini anayeua ni moto.

Amedeus akauliza swali ambalo kila mtu huuliza: kwa nini tusikisogeze kisanduku mbali na tanuri? Mwaka jana walijaribu. Kikiwa mbali hakipati joto la kutosha asubuhi, na asubuhi, pumba zikiwa zinashika moto kwa kusuasua, ndipo sumu inapokuwa nyingi kuliko wakati wowote. Lazima kikae karibu. Kwa hiyo lazima alumina yenyewe ijifunze kuvumilia.

Njia inajulikana kwa wataalamu: unachanganya alumina na metali nyingine kidogo, inakaa kwenye kuta za vitundu na kuzizuia zisiyeyukiane. Ipi, kiasi gani, na itafanya nini kwenye tanuri la pumba la Ifakara, hapo ndipo hakuna aliyeandika.

Machi 20

Yosefina ameniomba kitu jikoni, akasema, "kile, cha, cha kuchotea." Alimaanisha kata. Amesimama akiitazama, jina haliji. Nikajifanya sijaona.

Machi 24

Amedeus ana wazo, na kwa siku kadhaa amekuwa kama mtu aliyeposa. Amesoma kwenye simu kwamba majivu ya pumba yana silika nyingi, na silika inasaidia alumina kuvumilia moto. Kwa nini tuagize vitu kutoka nje wakati dawa imelala nyuma ya kila mashine ya kukoboa kuanzia hapa mpaka Kivukoni?

Sikumkatisha. Nilitaka iwe kweli kuliko yeye alivyotaka. Ungekuwa mwisho mzuri: pumba zinaleta sumu, pumba zinaiondoa. Tumeosha majivu, tumeyachemsha, tumepata maji mazito meupe, tumelowanisha punje. Zinakauka.

Machi 31

Idd. Mama Stumai ametuma sahani ya pilau nyumbani kwetu. Juu ya kawa ameweka pipi, kwa ajili ya Yosefina. Mama anasema hutuma kitu kila mwezi tangu ajali ile. Nilikuwa sijui.

Aprili 3

Silika ya pumba imeshindwa. Punje zimetoka zimekunjamana, zimesinyaa kuliko hata zile tupu. Magadi yaliyobaki kwenye majivu yameyeyusha kila kitu. Ingewezekana kuyasafisha zaidi, kwa asidi kali ambayo hatuna na hatutaki kuimwaga kwenye bonde hili. Amedeus alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akizitazama.

"Basi," akasema mwishowe. "Tupa. Nini kinafuata?"

Nilimpenda kwa hilo swali.

Aprili 8

Magnesiamu: nafuu kidogo. Haitoshi. Mafuriko yameingia mashamba ya chini.

Aprili 12

Bariamu! Punje nilizozilowanisha kwa chumvi ya bariamu, kisha zikachomwa, zimekaa ndani ya ule moto mkali kutwa nzima na zimetoka hazijabadilika. Nilizipima maji mara tatu nikidhani mizani imeharibika. Zinakunywa karibu kama mpya. Amedeus alicheza pale pale kati ya tanuri na kuni, na mimi nikacheza naye, na mvua inapiga bati hatusikilizani.

Nikampigia Daktari Marselino. Nilisikia kiti chake kikisogea. "Noela," akasema, "umepata."

Aprili 15

Furaha ilidumu mpaka jana. Nilikuwa nikichekecha punje, vidole vikabaki na vumbi jeupe. Punje zinasuguana kwenye kisanduku, vumbi linabebwa na hewa, hewa inapita kwenye mpunga, mpunga unaingia kwenye sufuria za watu. Na bariamu, ikiwa katika hali ya kuyeyuka, ni sumu.

Nilimpigia Daktari.

"Ikishachomwa inashikamana na alumina," akasema. "Haiendi popote. Vitabu vyote vinasema."

"Nataka kuhakikisha."

"Hakikisha. Lakini Noela, mkutano wa watafiti ni mwezi wa sita. Nimeshaandikisha matokeo ya bariamu."

Leo nimehakikisha. Nilisaga punje chache, nikazitia kwenye siki iliyozimuliwa, kwa sababu tumbo la mtu nalo lina ukali wake. Nikachuja mpaka maji yakawa maangavu kama ya chupa. Kisha nikadondoshea chumvi ya Epsom. Kama kuna bariamu iliyoyeyuka, inashikana na chumvi hiyo na kuonekana nyeupe.

Maji yakageuka meupe. Yalikuwa na ukungu tu, si maziwa, lakini hata Amedeus aliyesimama mlangoni aliuona.

Nikampigia tena. Nikamwambia kwamba sitaiweka bariamu mbele ya chakula cha watu. Akasema kiasi ni kidogo mno. Nikasema ndiyo, ni kidogo. Akasema hakuna kiwango cha serikali kitakachovukwa. Nikasema inawezekana. Akasema, kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia kwake, "Kwa hiyo unanifundisha kazi?"

"Hapana, Daktari. Nakuambia kwamba mama yangu anakula huu mchele."

Alikata simu. Mtu huyu ndiye aliyenifundisha kushika pipeti. Nimekaa mpaka chai ikapoa. Sijui kesho naanzia wapi, lakini najua sianzii kwenye bariamu.

Aprili 18

Ijumaa Kuu. Njia ya Msalaba kwenye matope. Viatu nimevibeba mkononi.

Aprili 20

Pasaka. Tumekula wali na kambare wa nazi. Baada ya chakula Yosefina akasema, taratibu, akichagua kila neno kama anavuka kwa kukanyaga mawe: "Banda likiwashwa, narudi kazini."

Mama aliacha kula. Mimi nikacheka, kicheko cha kijinga, nikasema, "Dada, wewe pumzika kwanza."

"Nimepumzika."

"Yosefina, mle ndani ndimo…"

"Najua mle ndani nini." Akaniangalia usoni. "Maneno yananipotea. Mikono haijapotea."

Ni kweli. Yeye ndiye aliyekuwa akisimamia mpunga. Alikuwa anauma punje moja na kujua kama ndani bado kuna maji. Nikasema tutaona. Aliinuka akaenda kuosha vyombo, akivigonganisha kwa nguvu ili nisikie.

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa jambo ninalolifanya. Nikizileta punje zisizoogopa moto, mtu wa kwanza atakayeziamini ni yeye. Na mimi nitaweza kumwacha aingie?

Aprili 23

Ujumbe wa Daktari Marselino, bila salamu: "Jaribu lanthanamu. Mwanafunzi mwingine ana akiba. Naituma kwa basi."

Nimeusoma mara nyingi. Hajasema samahani na mimi sijasema. Labda huo ndio msamaha wenyewe.

Aprili 26

Basi halijafika. Maji yamekata barabara huko juu, magari yamelala njiani. Mizigo imerudishwa. Mpunga wa mapema Idete umeanza kukunja shingo, unaiva.

Aprili 29

Mvua. Hakuna mzigo.

Mei 2

Mzigo umekuja kwa treni. Daktari aliupeleka stesheni mwenyewe, nimeujua mwandiko wake kwenye boksi. Chupa moja, ndogo kuliko ya sharubati, imezungushiwa gazeti na soksi. Ndani ya soksi kuna kikaratasi: "Hii haina sumu ya ile nyingine, lakini usiniamini mimi. Ipime."

Mei 3

Nimeipima, kwanza kwenye vitabu na nyaraka zote nilizoweza kufungua kwa simu, halafu kwenye siki kama ile nyingine. Kinachotoka ni kidogo sana, na hicho kidogo tumbo halikipokei kama linavyopokea bariamu. Naweza kuula mchele wa banda hili nikalala.

Chupa ni moja. Inatosha kujaza kisanduku mara moja, na za kujaribia chache. Hakuna nafasi ya kukosea mara mbili.

Mei 6

Kulowanisha. Kazi ya subira. Unapima maji ambayo punje zinaweza kunywa, unayeyusha lanthanamu kwenye maji hayo hayo, si zaidi, unadondoshea huku unazungusha beseni. Yakizidi, chumvi inabaki nje ya punje inafanya ganda. Yakipungua, ndani kunabaki patupu. Amedeus amezungusha beseni mpaka mabega yakamgoma, akaniachia, nikazungusha mimi. Mama Stumai alipita akasimama mlangoni. Nilitegemea neno la kuniuma. Akavua mtandio, akakunja mikono ya gauni, akasema, "Nipe, na mimi nizungushe."

Alizungusha vizuri kuliko sisi wote wawili, kwa sababu amepeta mchele maisha yake yote.

Mei 11

Haraka imenigharimu. Nilitaka kuokoa muda, nikatia lanthanamu na paladiamu pamoja kwenye kundi la majaribio. Punje zimevumilia moto lakini hazisafishi hewa vizuri. Nahisi paladiamu imefunikwa. Kumbe lazima lanthanamu itangulie, ichomwe, ishike kuta, ndipo paladiamu ije juu yake. Bahati lilikuwa kundi dogo. Nimelia kidogo bafuni, nikanawa, nikarudi.

Mei 12

Nimeanza upya. Lanthanamu kwanza.

Mei 17

Kutwa nne za moto mkali, umeme ukikatika tunaanza tena. Leo nimezitoa. Hazijasinyaa. Zinakunywa. Zinasafisha: nilipitisha moshi wa jiko la mkaa kwenye bomba lenye punje za moto, kipimo upande wa pili kikakaa chini kabisa, mkaa ukiwa mwekundu namna ile.

Safari hii sikucheza. Nilikaa chini sakafuni, nikazihesabu kimoyomoyo, moja moja, kama mtu anayesali rozari.

Mei 23

Kisanduku kimejazwa na kufungwa. Tumewasha bila mpunga, bwana afya akiwepo. Mwanzoni kipimo kilipanda, watu wote wakanigeukia. Nikasema, "Subirini, kisanduku bado cha baridi." Kikapanda tena. Bwana afya akaanza kukunja karatasi zake. Kisha kisanduku kikashika joto na namba zikaanza kushuka, zikashuka, zikalala. Tumekubaliana: asubuhi tutawasha kwanza kwa kuni kavu mpaka kisanduku kipate joto, milango ikiwa wazi na bila mtu ndani, ndipo pumba ziingie.

Ameruhusu. Mpunga unaweza kuja.

Mei 29

Lazima niandike yote ya leo, na niandike polepole.

Ilikuwa siku ya pili ya mpunga. Matrela ya pawatila, zile trekta ndogo za mkono, yamejipanga mpaka barabarani, wakulima wa Namawala wamelala chini ya maturubai wakisubiri zamu. Ndani ya banda kulikuwa na wanawake sita wakigeuza mpunga. Tanuri lilikuwa limeshiba pumba, moto umekolea. Mchana wingu jeusi likaja kutoka upande wa Mahenge, na kabla mvua haijadondoka, umeme ukakatika.

Feni ikasimama.

Nilikuwa sijawahi kuliona hili. Feni ikiwa inazunguka, inaondoa joto. Ikisimama, moto wote unabaki pale pale na kukirudia kisanduku. Chuma chake kikaanza kuwa chekundu. Kilianzia kona ya chini, wekundu ukapanda taratibu mpaka nikaweza kuona nati zake kama mbegu nyeusi. Amedeus aliikodolea sindano ya kipimajoto akasema kwa sauti ndogo, "Dada, imepita mwisho."

"Toeni watu!" nikapiga kelele.

Mama Stumai alikuwa ameshawatoa. Alisimama mlangoni akiwasukuma mmoja mmoja kwa kiganja mgongoni akiwataja majina, na wa mwisho alipotoka akahesabu tena kwa macho. Kisha akaniambia kitu ambacho sikukitegemea.

"Ilikuwa hivi hivi. Mwaka jana. Umeme ulikatika, chuma kikawa chekundu, tukacheka tukasema kimeona haya. Umeme uliporudi tukaendelea na kazi. Keshoye dada yako akaanguka."

Kwa hiyo ndivyo punje za kwanza zilivyokufa. Si polepole kama nilivyofikiri. Siku moja, mchana mmoja, mbele ya watu wanaocheka. Na wakati huo huo mbele ya macho yangu punje zangu zilikuwa zikipitia jambo lile lile, na hapakuwa na chupa nyingine.

Amedeus alikuwa akikokota pumba zinazowaka nje ya tanuri kwa reki, anakohoa, nyusi zimeungua. Nikachukua koleo nikamsaidia. Mvua ilianguka, pumba zikafuka mvuke, hatukuonana. Chuma kikawa chekundu cha giza, kisha kahawia, kisha cheusi.

Umeme uliporudi, wakulima walikuwa wamezunguka. Mpunga uliomo ndani ulikuwa na uvuguvugu na unyevu. Ukiachwa hivyo ungeharibika wote. Mzee mmoja akaniuliza, bila ubaya, "Mwanangu, tunaendelea au tunapakua?"

Ningeweza kusema tuendelee. Niliamini punje zile. Lakini mwaka jana nao waliamini. Nikasema, "Tunawasha bila mtu ndani. Kipimo ndicho kitakachosema."

"Nani atakwenda kukisoma?" Amedeus akauliza. Kipimo kinaning'inia katikati ya banda, na hakionekani vizuri kutoka mlangoni.

"Mimi," nikasema.

"Wewe ndiye unayejua kukizima kitu hiki," Mama Stumai akasema. "Kaa kwenye tanuri." Akajifunga kamba kiunoni, ncha akampa Amedeus. "Nikikaa kimya, vuta."

Tukawasha. Kuni kavu kwanza, halafu pumba. Alikuwa akiingia, anasoma, anatoka, anaingia tena, na kila mara alikuwa akipaza sauti kutoka ndani. Mwanzo namba ilikuwa ya kutisha. Kisha ikapungua. Kisha kukawa kimya, na Amedeus akaanza kuvuta kamba kwa nguvu zake zote, na sauti ya Mama Stumai ikatoka imejaa hasira: "Niache! Ninavaa miwani!"

Na baada ya hapo: "Imelala. Noela, imelala kabisa."

Alitoka na kamba yake kiunoni. Alikuja mpaka niliposimama, akanishika mikono miwili iliyojaa masizi, akaiinamia. Nikasema, "Shikamoo, mama," na yeye akaitikia marahaba akiniangalia usoni.

Mei 30

Tumefungua kisanduku kilipopoa. Nimechota punje za ile kona iliyokuwa nyekundu zaidi. Zimekunywa maji. Zimepungua kidogo, kidogo tu. Nimempelekea Daktari picha na namba. Amejibu: "Bariamu nimeiondoa kwenye mada. Nitaeleza kwa nini." Na baada ya muda: "Hongera, mwalimu."

Nimemwomba Amedeus aweke pia mlango wa dharura wa kutolea joto feni ikisimama. Punje imara si sababu ya kuzitesa.

Juni 2

Mpunga, mpunga, mpunga.

Juni 5

Nimekula nimesimama. Nimelala na viatu.

Juni 9

Mvua imekatika. Anga limekuwa refu. Kipimo hakijanyanyuka tangu ile siku.

Juni 11

Leo asubuhi Yosefina alikuja bandani. Alikuwa amevaa kanga zake za kazi na kilemba amekifunga kwa nguvu, namna alivyokuwa akikifunga zamani. Alitembea mbele, Mama nyuma akimkimbilia, ananiangalia mimi ili niseme hapana.

Nilisimama mlangoni. Nilikuwa na sababu zote. Kwamba aliyepata sumu hiyo mara moja hatakiwi kuikaribia hata chembe. Kwamba kipimo kinaweza kuharibika. Kwamba kuna msimu mwingine. Nilizisema zote, na alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

"Wale wengine," akasema, akionyesha wanawake waliokuwa ndani, "si dada za watu?"

Mama Stumai alikuwa ameketi kwenye gunia karibu na mlango, na hakunisaidia. Alinitazama tu, na sasa nikaelewa kwamba hata siku ile ya kikao, mwezi wa tatu, hakuwa akinichukia. Alikuwa anasubiri kuona kama ningeweka mtu wangu mahali alipoweka watu wake.

Niliingia peke yangu. Nilisoma kipimo. Nilikitoa nje kwenye hewa safi, nikakirudisha, nikakisoma tena. Nikagusa kisanduku kwa mgongo wa mkono kupitia kitambaa, nikausikiliza moto unavyovuma ndani yake. Kisha nikatoka, nikasogea pembeni.

Yosefina alipita. Alichukua punje ya mpunga, akaiuma, macho ameyafumba.

"Bado," akawaambia wenzake. "Geuzeni upande ule."

Wakageuza. Nilitaka kubaki nikimtazama mpaka jioni. Badala yake nikaenda kwa mama ntilie wa ng'ambo ya barabara, nikaagiza wali na maharage, nikakaa nikiupa mlango wa banda mgongo, nikala mpaka sahani ikaisha.